Seva Ikikosea, Iseme Wazi: Somo Kuhusu Taarifa za Hitilafu kwenye Mafaili ya Mtandao

Mkazi wa Mtongwe, Mjambere au Chaani anayefika ofisini kutafuta huduma hukutana na kompyuta kabla ya kupata jibu. Kibali cha biashara, ada ya ardhi, ombi la basari na kumbukumbu za matibabu ni mambo ambayo siku hizi huandikwa kwenye mafaili ya kompyuta. Mara nyingi mafaili hayo hayakai ndani ya kompyuta iliyo mbele ya karani. Hukaa kwenye seva, ambayo huenda iko chumba cha pili, ng'ambo ya kivuko, au nje kabisa ya kaunti.

Mambo yakienda sawa, hakuna anayeifikiria seva. Yakiharibika, karani huona maneno machache kwenye kioo na mkazi huambiwa, "Mtandao hakuna, rudi kesho." Kwa aliyetoka Mwakirunge, kesho ni nauli nyingine na kibarua kingine kilichopotea. Na huenda mtandao haukuwa na shida yoyote. Huenda diski ya seva ilikuwa imejaa, na kurudi kesho hakungesaidia kitu.

Somo hili linahusu taarifa ambayo seva hutoa inaposhindwa kufanya ilichoombwa. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza seva ya mafaili ni nini, kutofautisha hitilafu za kawaida, kutambua ile iliyo hatari kuliko zote, na kujua la kuuliza anapoambiwa kwamba faili lake halionekani.

Seva ya mafaili ni nini?

Seva ya mafaili ni kompyuta inayotunza mafaili kwa niaba ya kompyuta nyingine. Ni kama bohari moja inayohudumia maduka mengi. Kila duka huweka na kuchukua mzigo, lakini mzigo wenyewe unalala bohari.

Ili kompyuta ya kaunta izungumze na seva, zinahitaji lugha ya pamoja, yaani itifaki. Mojawapo ya itifaki zinazotumika sana ni NFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka wa 1984. Nyingine ni SMB, ambayo hutumiwa na kompyuta za Windows. Programu huria ya Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell nchini Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, huwezesha seva za Linux kuhudumia kompyuta hizo za Windows bila ofisi kulipia leseni.

Itifaki hizi hufanya faili lililo mbali lionekane kana kwamba liko papo hapo. Raha hiyo ndiyo chanzo cha tatizo. Programu nyingi za ofisini ziliandikwa zikidhani kwamba diski imo ndani ya kompyuta. Lakini kati ya karani na seva kuna waya, swichi, umeme, ruhusa na wakati mwingine kebo ya baharini. Popote hapo pakikatika, programu isiyojua kueleza husema neno moja tu: "Imeshindikana."

Chanzo kinaweza kuwa mbali sana

Tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Kebo zote mbili hutia nanga Mombasa, na intaneti ikawa dhaifu katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Hakuna karani wa Changamwe au Kisauni angeweza kurekebisha kebo hizo. Alichohitaji ni kujua kwamba tatizo liko huko, ili amweleze mkazi ukweli na asihangaike kuzima na kuwasha kompyuta.

Upande wa pili, ofisi ambayo seva yake imo ndani ya jengo lilelile haihitaji kebo ya baharini kufungua faili lake. Ikiwa faili halifunguki hapo, sababu ni nyingine. Neno "mtandao" likitumiwa kufunika kila sababu, fundi ataanza kutafuta mahali pasipo na tatizo.

Namba za hitilafu na maana zake

NFS haisemi "imeshindikana" na kunyamaza. Maelezo ya toleo la pili la itifaki hiyo, yaliyochapishwa mwaka wa 1989, yaliipa kila sababu namba yake. Baadhi ni hizi:

- 2: faili au folda hiyo haipo.
- 5: diski imeshindwa kusoma au kuandika. Huenda chombo chenyewe kinaharibika.
- 13: aliyeomba hana ruhusa.
- 28: nafasi kwenye seva imekwisha.
- 30: sehemu hiyo inasomeka tu, haiandikiki.
- 69: mgao wa nafasi wa mtumiaji huyo umekwisha, ingawa seva yenyewe huenda ina nafasi.
- 70: kishikio cha faili kimechakaa.

Namba 70 huwasumbua wengi. Kompyuta inapofungua faili hupewa alama ya kulitambulisha, nayo alama hiyo huitwa kishikio. Faili likifutwa au likihamishwa na wasimamizi wa seva, alama iliyobaki mkononi haifunguzi tena kitu. Dereva wa lori aliyefika bandarini Kipevu na karatasi inayotaja safu ambayo kontena lake lilikwisha kuondolewa ataelewa haraka. Karatasi ni halali, lakini haimfikishi kwenye mzigo. Dawa ni kufungua folda upya ili kupata alama mpya. Kuwasha upya mitambo yote si lazima.

Kila namba ina dawa yake na mtu wake. Namba 13 inahitaji msimamizi wa ruhusa. Namba 28 inahitaji fundi aongeze nafasi. Namba 5 inahitaji nakala ya akiba itafutwe siku hiyohiyo, kabla diski haijafa. Programu ya kaunta ikizitupa namba hizi zote na kuandika "Hitilafu imetokea", inakuwa imetupa habari ambayo seva ilikwisha kuitoa.

"Subiri" si "haiwezekani"

Toleo la pili la NFS lilikuwa na upungufu. Seva iliyohitaji muda, kwa mfano kusubiri kanda ya kumbukumbu za zamani ipachikwe kwenye mashine, haikuwa na neno la kusema, "Nimesikia, nahitaji muda." Toleo la tatu, lililochapishwa mwaka wa 1995, liliongeza namba 10008 kwa kazi hiyo. Maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, halijakataliwa, na kompyuta ijaribu tena baadaye.

Hayo ni maboresho madogo kwa fundi, lakini kwa mkazi ni makubwa. Mtu aliyeambiwa "subiri robo saa" hukaa kwenye benchi. Aliyeambiwa "haiwezekani" hupanda matatu akarudi nyumbani.

Kuna pia hali ambayo kompyuta huganda tu. Seva ya NFS isipojibu, kompyuta iliyopangwa kuvumilia huendelea kuomba bila kukoma, kwa sababu kukata tamaa katikati ya kuandika kunaweza kuharibu faili. Uvumilivu huo ni wa busara. Kwenye Linux, mfumo huandika katika daftari lake la matukio kwamba seva haijibu na kwamba bado unajaribu, kisha huandika tena seva inaporudi. Shida ni kwamba daftari hilo husomwa na fundi. Karani huona kioo kilichoganda, huzima kompyuta kwa nguvu, na kazi ambayo ingeokoka hupotea. Kuileta taarifa hiyo moja mbele ya karani, kwa maneno anayoyaelewa, kungezuia hasara hiyo.

Hitilafu isiyosema

Hitilafu zote zilizotajwa hadi hapa zina nafuu moja: zinajulikana. Iliyo hatari zaidi ni ile ambayo kompyuta husema "Imehifadhiwa" na kumbe haikuhifadhi.

Chukulia mwenye duka wa Mtongwe amepeleka stakabadhi zake ofisini ili kuhuisha kibali cha biashara. Karani anazipiga picha kwa mashine, anabofya kuhifadhi, na kioo kinasema sawa. Mwenye duka anakwenda zake. Usiku stima inapotea. Mwezi unaofuata askari wa kaunti anapita dukani akiuliza kibali, na faili halipo. Karani ana hakika alilihifadhi. Mwenye duka ana hakika alilipeleka. Wote wawili wanasema kweli.

Hilo hutokea hivi. Kuandika kwenye diski huchukua muda, kwa hiyo kompyuta hupokea data kwenye kumbukumbu yake ya muda, hujibu "nimepokea", na huandika baadaye. Umeme ukikatika katikati, kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya muda hupotea. Wakenya wanaikumbuka tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipopotea usiku karibu nchi nzima.

Toleo la tatu la NFS liliweka kinga dhidi ya hali hii. Seva inapopokea data ambayo bado haijafika diski, hutoa pia alama maalumu. Seva ikizimika na kuwaka upya, alama hiyo hubadilika. Kompyuta ya kaunta hutunza nakala yake mpaka seva ithibitishe kwamba data imefika diski. Ikiona alama imebadilika, hujua kwamba seva ilizimika, na hutuma data ileile tena. Kwa njia hii upotevu uliokuwa wa kimya hujulikana.

Hata hivyo, kinga hiyo hufanya kazi ikiwa programu inasikiliza. Kwenye seva za mtandao, onyo kwamba nafasi imejaa au mgao umekwisha linaweza kufika wakati wa kufunga faili, wala si wakati wa kuliandika. Programu isiyosubiri jibu la kufunga hulikosa onyo hilo na kumwambia karani kwamba kazi imekwisha.

Mfumo wa Linux wenyewe ulikuwa na kasoro ya aina hiyo. Kuandika kukishindwa, onyo lilitolewa mara moja tu, kwa programu ya kwanza kuuliza. Programu ya pili iliyokuwa imefungua faili hilohilo iliambiwa kila kitu ni salama. Toleo la 4.13, lililotolewa Septemba 2017, lilirekebisha jambo hilo ili kila programu yenye faili wazi ipate onyo lake. Mwaka uliofuata, waandishi wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata inayotumiwa duniani kote, waligundua kwamba kwa miaka mingi programu yao ilikuwa ikijaribu tena baada ya kushindwa kuandika, na kuamini jibu la pili lililosema "sawa", ingawa data ya kwanza huenda ilikwisha kutupwa. Februari 2019 walitoa matoleo mapya yanayosimama mara moja hitilafu kama hiyo inapotokea, kisha kurejesha kazi kutoka kwenye jarida la kumbukumbu.

Waliona afadhali huduma isimame kwa dakika chache kila mtu akijua, kuliko iendelee huku ikipoteza kazi za watu kimyakimya. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Anayelaumiwa ni nani?

Mashine isiposema imekosea, lawama humwangukia mtu. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Uingereza. Kuanzia mwaka wa 1999, ofisi ndogo za posta za nchi hiyo ziliwekewa mfumo wa hesabu uitwao Horizon. Haukuwa seva ya mafaili, lakini funzo lake ni lilelile. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo, na wasimamizi wa ofisi hizo waliambiwa kwamba kompyuta haiwezi kukosea. Watu zaidi ya 900 walipatikana na hatia, baadhi wakafungwa jela. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya Uingereza ilithibitisha kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na Mei 2024 bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa jumla.

Kwa hiyo taarifa nzuri ya hitilafu humlinda mkazi, na humlinda karani vilevile. Panapokuwa na rekodi ya saa, faili na sababu, hakuna haja ya kuulizana nani mwongo.

Ujumbe mzuri una mambo matano

Ujumbe wa hitilafu unaomfaa mtu wa kaunta hujibu maswali haya:

1. Nini kimeshindikana?
2. Kwa sababu gani, kwa kadiri inavyojulikana?
3. Je, kazi iliyofanywa iko salama au imepotea?
4. Mtu afanye nini sasa?
5. Namba ya kumbukumbu ni ipi, ili fundi aipate hitilafu hiyohiyo kwenye daftari la seva?

Linganisha jumbe hizi mbili za mfano.

Ujumbe wa kwanza: "Hitilafu imetokea. Jaribu tena."

Ujumbe wa pili: "Stakabadhi haijahifadhiwa. Nafasi ya idara hii kwenye seva imejaa. Nakala bado imo kwenye kompyuta hii, usiizime. Mpigie msimamizi wa mitambo. Namba ya kumbukumbu: 0417."

Ujumbe wa kwanza humfanya karani abofye mara kumi. Wa pili humfanya apige simu moja. Swali la tatu, kama kazi iko salama, ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo mkazi analolihitaji kuliko yote.

Kuna mpaka pia. Ujumbe unaoonekana na kila aliye kwenye foleni haupaswi kutaja jina la mgonjwa, namba ya kitambulisho, wala njia kamili ya folda ndani ya seva. Maelezo hayo hukaa kwenye daftari la matukio, linalofunguliwa na wahusika pekee. Namba ya kumbukumbu ndiyo daraja kati ya kioo na daftari.

Lugha nayo ni sehemu ya kazi. Katiba, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na programu za kompyuta zinaweza kusema Kiswahili. Mwaka wa 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Jumbe za hitilafu ndizo zinazostahili kutafsiriwa mwanzo, kwa kuwa mtu huzisoma wakati amebanwa.

La kufanya

Mkazi anayeambiwa faili halionekani au mitambo haifanyi kazi anashauriwa:

- kuuliza kwa upole ujumbe ulioonekana unasema nini, na kama kuna namba, aiandike pamoja na tarehe na saa;
- kuuliza kama kazi yake iliyokwisha kuingizwa iko salama;
- kutoondoka na karatasi ya risiti peke yake, bali kuomba karani alifungue tena faili na kuhakikisha linafunguka;
- kutunza nakala za stakabadhi zake mpaka apate kibali au jibu mkononi.

Karani anashauriwa kuandika maneno ya ujumbe kama yalivyo, si "mtandao umepotea". Asizime kompyuta iliyoganda kabla ya kumuuliza fundi. Faili muhimu alifunge kisha alifungue tena kabla ya kumwachia mkazi aende.

Fundi anashauriwa kuweka onyo la mapema kabla nafasi ya seva haijaisha, kulisoma daftari la matukio kila siku, na kujaribu kurejesha nakala za akiba. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haihesabiki kuwa nakala. Seva nayo iwe na betri ya akiba ya kuipa muda wa kumaliza kuandika stima inapokatika.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na uamuzi kutolewa ndani ya siku 21. Asiyejua kusoma na kuandika anaweza kueleza ombi lake kwa mdomo, na afisa akaliandika. Asiyeridhika anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inampa mtu haki ya kutaka data zake zisizo sahihi zirekebishwe. Endapo mtu asiyeruhusiwa amezifikia data na kuna hatari ya kweli ya madhara, anayezitunza anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Kulinda Data ndani ya saa 72. Mwenye data naye ajulishwe.

Maswali ya kujipima

1. Karani anaona namba 28, na jirani yake anaona namba 69. Matatizo yao yanatofautiana vipi?
2. Kwa nini si vyema kuzima kwa nguvu kompyuta iliyoganda huku ikingoja seva?
3. Seva ilizimika na kuwaka upya usiku. Kompyuta ya kaunta itajuaje kwamba inapaswa kutuma data tena?
4. Andika upya ujumbe huu ujibu maswali matano ya somo: "Faili halifunguki."
5. Ni habari gani isiyopaswa kuonekana kwenye kioo kinachotazama foleni, na ihifadhiwe wapi?